Kulwa, Doto na chupa mbili

Shinyanga, Alhamisi, Novemba 1998

Mvua imeninyeshea njia nzima kutoka ofisini, na wala sijali. Viatu viko kibarazani vinachuruzika, mama ameshanisema vya kutosha, nami nimekaa na chai ya tangawizi nikitabasamu peke yangu. Ijumaa iliyopita nilirudi nyumbani kukiwa na jua zuri, lakini nilikuwa nimenuna hata chakula sikugusa.

Leo nashukuru. Naandika hilo mwanzoni kabisa kwa sababu najijua. Mimi huanza na malalamiko, wino ukaisha kabla sijafika kwenye shukrani.

Nitaeleza kazi yangu, maana nikizeeka nitakuja kusoma haya nisielewe nilikuwa nahangaika na nini. Baba anapowaeleza wateja wake dukani husema Zainabu wake anacheza na kompyuta za madaktari. Hajakosea sana. Utafiti wetu unajaribu dawa ya kuongeza damu kwa watoto wadogo, hawa wa huku kwetu ambao malaria inawamaliza damu kila msimu. Kila mtoto anapewa chupa ya dawa ya maji yenye namba yake. Nusu ya chupa zina madini ya chuma, nusu nyingine zina maji ya sukari tu, na zote zina rangi moja na ladha moja. Nani kapata ipi hatujui. Mama hajui, nesi hajui, daktari hajui, na mimi sijui. Siri hiyo imefungiwa mbali hadi utafiti uishe, ili asiwepo mtu wa kupendelea.

Kila mwezi manesi wa zahanati zetu, kuanzia Mhunze huku kwetu hadi Nkome kule ziwani, wanapima damu za watoto. Fomu zinaletwa ofisini tunaziingiza kwenye kompyuta. Mwanzoni Dk. Kileo, mkuu wetu, akitaka kujua jambo aliomba jedwali. Jedwali lilichapwa na ile printa inayolia kama cherehani mbovu, yeye akalitazama, likamzalia swali jingine, akaomba jedwali jingine. Mwezi unakatika watu wanapishana na makaratasi.

Mimi si mvumilivu. Nikaamua kuandika programu ambayo mtu anakaa mbele ya kioo, anajiuliza na kujijibu mwenyewe. Kila mtoto ni nukta. Ukiibonyeza kwa mausi, mstari wa mtoto huyo unajitokeza: damu yake ilivyokwenda mwezi kwa mwezi, lini aliugua, chupa yake ilirudi na kiasi gani. Unaweza kuchagua zahanati moja, au wasichana peke yao, au waliougua malaria peke yao, na nukta zinajipanga upya hapo hapo. Naiita Chungulia. Dk. Kileo alipendekeza jina lenye heshima zaidi, nikajifanya sikusikia.

Basi Ijumaa hiyo Chungulia iliniletea balaa.

Nilikuwa nachezea nukta za Nkome, bila swali maalumu, kama mtu anavyopekua vitambaa dukani bila nia ya kununua. Nikaona nukta mbili zimekaliana. Nikazibonyeza. Mistari ikatoka miwili inayopanda pamoja na kushuka pamoja, mwezi baada ya mwezi. Watoto wa nyumba moja, tarehe moja ya kuzaliwa. Mapacha. Nikatafuta zaidi, nikapata mapacha wengine wa Nkome, nao ni vile vile. Hata dawa iliyobaki kwenye chupa zao ilikuwa sawa kila mwezi.

Nilimwita Dk. Kileo nikiwa na furaha ya kuku aliyetaga. Nilitaka aone jinsi programu yangu inavyoona mambo ambayo jedwali haliwezi kuyaona. Yeye alitazama, akavuta kiti, akatazama tena, uso ukambadilika.

"Huyu nesi anapima mtoto mmoja," akasema. "Wa pili anapika namba."

Akanieleza. Hata mapacha, mmoja huugua mwenzake akiwa mzima. Mmoja hula vizuri, mwingine hudeka. Na kama bahati imewapa chupa tofauti, mmoja ana dawa na mwingine ana maji ya sukari, damu zao zitalinganaje miezi yote hiyo? Maneno yake yaliniingia akilini. Nilikubali. Naandika hivyo hivyo bila kujipunguzia: nilitikisa kichwa kukubali.

Nesi wa Nkome ni Mama Shija. Mama mtu mzima, mnene kidogo, fomu zake ndizo safi kuliko zote tunazoletewa, na kila gari letu likienda kule halirudi bila salamu zake kwangu. Kabla ya saa tisa ujumbe ulikuwa umekwenda kwa redio kwamba asimamishe kazi, asiguse mtoto wala chupa, mpaka daktari afike. Kama ni kweli, angefukuzwa, na watoto wote wa Nkome wangetolewa kwenye utafiti.

Ndiyo maana nilirudi nyumbani nimenuna.

Jumamosi huwa namsaidia baba dukani. Saa nne hivi akaingia mama mmoja na mabinti wawili wadogo wanaofanana kama kucha. Akamwamkia baba, "Mwangaluka, Baba Zainabu," baba akaitikia kwa Kisukuma chake ambacho kina lafudhi ya Kikachi, lugha ya babu zake wa Kihindi, ndani yake, na wote wawili wakacheka kama kawaida. Yule mama alitaka kitenge cha kushonea mabinti magauni. Akapenda cha bluu chenye ndege. Nikapima, nikaona kilichobaki kinatosha gauni moja tu.

Nikafanya kile ambacho muuzaji yeyote angefanya. Nikamshushia cha kijani, ndege wale wale, nikamwambia mmoja avae bluu na mwingine kijani, watapendeza, na walimu shuleni wataweza kuwatofautisha. Akanitazama kwa huruma. Baba akanitoa kitambaa mkononi taratibu, akakirudisha kabatini, akamwambia mzigo mwingine unakuja kutoka Mwanza, apite wiki ijayo. Yule mama akashukuru, akaondoka na wanawe bila kununua hata uzi.

Nilikasirika. Nilimwambia baba kwamba amefukuza mteja kwa mdomo wake mwenyewe.

"Zainabu, umezaliwa mtaa huu," akasema. "Mapacha hawapewi vitu tofauti. Ukimpa mmoja kizuri kuliko mwenzake, yule mwingine anaumia moyo, na akiumia anaweza kuondoka. Ndivyo wanavyoamini wateja wangu, na mimi ninauza nguo, siuzi ubishi."

Aliposema kuondoka alikuwa na maana ya kufa. Hilo nililijua tangu utoto. Nimecheza na akina Kulwa na Doto wangapi mtaani hapa? Mapacha wa Kisukuma ndiyo majina yao, Kulwa anayetangulia na Doto anayefuata. Nilikuwa naona wamevaa sare, wananyolewa siku moja, wanakatiwa muwa vipande sawa, na sikuwahi kulifikiria zaidi ya hapo.

Nilibaki nimesimama na mita ya mbao mkononi. Kama mama hawezi kuwavalisha vitambaa viwili tofauti, chupa mbili zenye namba tofauti anazifanyaje?

Jumapili baada ya chakula cha mchana niliomba ufunguo kwa mlinzi, nikafungua ofisi. Umeme ulikuwepo, nashukuru na hilo. Niliiongezea Chungulia kitufe kimoja: nionyeshe watoto wa nyumba moja waliozaliwa siku moja, zahanati zote, siyo Nkome peke yake. Kitu chenyewe kilikuwa kidogo sana. Ningekiweka tangu Ijumaa kama nisingekuwa na haraka ya kusifiwa.

Jozi zikajitokeza. Mhunze, mistari miwili imekumbatiana. Vijiji vya Geita, hivyo hivyo. Zahanati tofauti, manesi tofauti ambao hawajawahi hata kuonana. Jozi moja tu ya Mwadui ndiyo iliyoachana, pacha mmoja yuko juu na mwenzake anajikongoja chini. Nikaitafuta fomu yao. Mama yao ni mgeni, Mmakonde, amemfuata mume aliyepata kazi mgodini.

Nilikaa pale nikalia kidogo. Sijui kama ni kwa furaha au kwa aibu, labda vyote. Mama Shija hakupika namba. Ila nilikuwa na dhana na picha kwenye kioo, na Ijumaa pia nilikuwa na dhana na picha kwenye kioo. Safari hii nilitaka mtu wa kuulizwa.

Jumatatu asubuhi sikumweleza Dk. Kileo kitu. Nilimwachia kiti na mausi. Alibonyeza Mhunze, akabonyeza Geita, akarudi Nkome, akafika Mwadui. Kisha akauliza kama naweza kusafiri kesho yake. Sifa moja ya daktari huyu, na ninaitaja kwa sababu mara nyingi namsema vibaya hapa, ni kwamba akikosea hageuki mbogo.

Jumanne tulisafiri kutwa. Barabara ndiyo hii tunayoijua, mvua ikishaanza. Tulilala Geita kwenye nyumba ya wageni iliyojaa wanunuzi wa dhahabu, wanabishana bei upande wa pili wa ukuta wangu. Jana asubuhi tukaingia Nkome. Dagaa wameanikwa kila mahali na harufu inakupokea kabla ya watu. Mama Shija alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya zahanati, amevaa gauni lake jeupe lililopigwa pasi, ingawa alikatazwa kazi. Wenye watoto walikuwa wanampita wakimwamkia, naye anawaitikia amekaa pale pale.

"Shikamoo, Mama Shija."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

Nilikosa pa kuweka macho. Alijua ni mimi niliyeonyesha ile picha, ujumbe wa redio hausitiriki, unasikika na zahanati zote. Na bado alianza na kunitazama afya.

Dk. Kileo alimwomba atupeleke nyumbani kwa wale mapacha. Ndani ya gari Mama Shija akaongea bila kuulizwa, akitazama dirishani. Alisema alihisi kitu tangu miezi ya mwanzo. Hakuuliza, kwa sababu jibu alilijua. Yeye mwenyewe alizaa mapacha, ndiyo maana aliyefuata akaitwa Shija, kama desturi ilivyo. Kulwa wake alichukuliwa na surua. Doto alikuwa mzima kabisa siku ya mazishi, akamfuata mwenzake kabla msimu haujaisha. "Nimesomea uuguzi, najua surua ni nini," akasema. "Lakini sikuwa na mdomo wa kumwambia mama mwingine awatenganishe."

"Ungeniambia mimi," Dk. Kileo akasema.

"Ungeniuliza, daktari."

Gari likasimama mbele ya nyumba ya wale mapacha.

Mama Kulwa, mama yao, ni mwembamba, kijana kuliko nilivyodhani, pengine ni umri wangu. Alikuwa anageuza dagaa kwenye chanja, akanawa mikono, akatuletea viti. Watoto wake wawili walikuja mbio wakasimama nyuma ya kanga yake, kila mmoja upande wake. Nilizoea kuwaona kama nukta mbili. Kulwa ana kovu kwenye kidevu. Doto ananyonya kidole na hataki kuambiwa aache.

Daktari aliuliza kwa upole jinsi anavyowapa dawa. Mama Kulwa hakuona cha kuficha. Akaingia ndani, akatoka na jagi la plastiki lenye kifuniko. Chupa zikija, alisema, anazimimina zote mbili humo, anakoroga, halafu kila asubuhi Kulwa kijiko na Doto kijiko. Siku ya kliniki inayobaki anaigawa sawa kwenye chupa zao, anazirudisha kama alivyoagizwa. Hakuwahi kuruka siku hata moja. Alilisema hilo kwa fahari, na Mama Shija akaitikia kwa kichwa.

"Mbona unachanganya, mama?"

"Ni mapacha," akasema, akimshangaa daktari mzima asiyelijua hilo.

Hapo Dk. Kileo akamweleza tena jambo lile lile aliloelezwa mwanzoni kabla hajaweka dole gumba kwenye fomu ya kukubali, kwamba huenda chupa moja ina dawa na nyingine haina, na kwamba ili kujua kama dawa inafaa ni lazima kila mtoto anywe ya kwake. Mama Kulwa alisikiliza hadi mwisho.

"Yenye dawa ni ipi?"

"Hatujui, mama. Ndivyo utafiti ulivyo."

"Hamjui." Akalitafuna neno hilo kidogo. Kisha akanigeukia mimi, maana aliambiwa mimi ndiye mwenye mashine inayoona watoto wote. "Na wewe hujui?"

"Sijui."

"Wewe una elimu, una mashine, hujui. Sasa asubuhi mimi nimeshika chupa mbili na watoto wawili wamefungua midomo. Ungekuwa wewe, ungemnyima yupi?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza akisubiri nijibu, na Doto naye alikuwa ananitazama na kidole chake mdomoni. Daktari akainamia viatu vyake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na hapo wawili walioujua walikuwa Mama Kulwa na Mama Shija. Sisi wengine tulikuwa wageni.

Aliyetuokoa ni Mama Shija, aliyesema kwa Kisukuma kitu kirefu ambacho nilikipata nusu tu. Alimwambia amefanya kazi nzuri, hakuna mtu aliyekuja kumgombeza, na kuanzia sasa tutatafuta njia ya kuwapa wote wawili kitu kimoja. Mama Kulwa akasema wabeja, asante, kisha akatufungia dagaa wa kuondoka nao kana kwamba sisi ndio tuliomfanyia hisani.

Mambo yamekwisha hivi. Mama Shija alirudi kazini jana ile ile, na Dk. Kileo alimwomba radhi mbele ya wagonjwa waliokuwa wanasubiri, kwa sauti ya kusikika. Kisha ujumbe wa redio ukapelekwa kwa zahanati zote kwamba Nkome ni safi, na hilo ndilo lililomfanya mama wa watu atabasamu. Watu wanaotunza siri ya chupa tutawaandikia kuomba mapacha wahesabiwe kama mtu mmoja, namba tofauti lakini dawa ya aina moja, na leo mchana, baada ya kusafiri usiku kucha, hata matope ya safari sijayafuta, nimewapa mapacha rangi yao kwenye Chungulia ili asitokee mtu mwingine wa kuwatazama kwa pupa kama nilivyowatazama mimi. Wale waliokwisha kunywa mchanganyiko tutawaweka kando na kuwaeleza kwenye ripoti kama walivyo. Kazi imeongezeka na Dk. Kileo analalamika. Mwache alalamike.

Wakati wa kuagana nilimwomba Mama Shija msamaha. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani, yakapotea yote, nikasema samahani tu.

"Mashine yako haikusema uongo," akanijibu. "Ilikuonyesha watoto wanaofanana, na kweli wanafanana. Nilikukasirikia, lakini kidogo. Nilikuchukia usiku mmoja, nilipoamka nikatamani uje nikuone."

Nashukuru kwa huyo mama. Nashukuru kwa baba na kitambaa chake cha bluu, ingawa sitamwambia, atanisimanga mpaka Idi. Nashukuru hata kwa yule mama wa Mwadui asiyenijua. Nimezoea kufikiri kwamba nukta zikishajipanga kwenye kioo nimewajua watoto, na nashukuru nimeonyeshwa mapema, kabla mtu hajapoteza kazi yake kwa ajili ya kuku wangu na yai lake.

Ila swali la Mama Kulwa nimerudi nalo, limekaa hapa mezani karibu na chai. Nimeligeuza njia nzima kutoka Geita. Ungemnyima yupi? Nilijaribu kumjibu kama mtafiti, nikashindwa. Nilijaribu kumjibu kama mwanamke wa umri wake, nikashindwa zaidi, maana kila nikijaribu namwona mmoja ana kovu na mwingine ana kidole mdomoni.

Sina jibu. Namshukuru Mungu kwamba Mama Kulwa hakunisubiri mimi, alishalikoroga jagi lake.